Kabla Kamba ya Mwisho Haijaanguka

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi, mwanangu, na kama ningepewa nafasi ya kusahau siku moja tu, ningeichagua hiyo. Ilikuwa Jumamosi, jua la saa kumi limelala juu ya maji pale Kisumu, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, chaki mkononi, viatu vya kuchezea mpira miguuni. Lakini ngoja. Nikianzia huko utasema babu yako ameanza tena stori zake za meli, halafu utatoroka uende kuosha vyombo. Kaa, Awuor. Funga huo mlango kwanza, baridi ya Eldoret inaniingia mpaka magotini.

Tuanze na jana. Jana walikuja wageni wetu kutoka Cheptiret, wazazi wa huyo kijana wako Kiprono, watu wa heshima kabisa, na mursik yao, maziwa yao ya kibuyuni, imefungwa vizuri. Wakanywa chai, wakacheka, wakasifu mboga za mama yako. Halafu yule mama, mamake Kiprono, akakuuliza kwa upole, "Na baba yako, mwanangu, yuko wapi?" Nawe, bila kupepesa macho, ukamjibu, "Baba ni marehemu."

Yule mama akakushika mkono akakupa pole. Mama yako akaangalia sakafu. Na mimi, mzee mzima, nikarudisha kikombe mezani bila kunywa. Kwa sababu Ouma, baba yako, ni mwanangu wa kumzaa, na hajafa. Yuko kisiwani Mfangano anatengeneza mashua, na Alhamisi nilisikia sauti yake kwa simu.

Mtoto haaibishwi mbele ya wageni. Walipoondoka nikakuita pembeni, ukaniambia, "Babu, wachana na hayo maneno. Huyo alienda kitambo." Alienda kitambo! Haki hilo neno limenizunguka kichwani tangu jana kama nzi. Najua uzito wake, mwanangu. Zamani kazi yangu ilikuwa kuliandika.

Wewe umezaliwa hapa mtaa wa Pioneer, unajua mahindi na ukungu, na maji mengi uliyoyaona ni yale ya mvua ya Aprili ikifurika barabarani. Hujui bandari. Basi nikuonyeshe. Funga macho kidogo, au usifunge, shauri yako, mimi nitafunga yangu.

Asubuhi pale Kisumu ukungu ulikuwa unakaa juu ya ziwa mpaka saa mbili, mweupe, mzito, huoni hata ncha ya gati. Unasimama tu ukisikiliza. Kwanza unasikia ndege. Halafu viboko wakipumua kule kwenye matete. Halafu, mbali sana, kama mtu anayeita jina lako kutoka ng'ambo ya mto, honi ya meli. Makuli wanaacha kuongea. Mama wa uji anafunika sufuria yake. Na kabla hujaiona meli unaona moshi wake, mweusi, umetangulia kupita juu ya ukungu, unakuja polepole bila mwili. Ile meli yenyewe inatokea baadaye, pua kwanza, imelowa, taa zake bado zinawaka. Kila siku niliona jambo hilo, na kila siku mwili ulinisisimka.

Zilikuja na kuondoka siku nzima. Ile kubwa ya Mwanza na Bukoba tuliiita Bibi Harusi, maana haikuwahi kuja kwa wakati na kila mtu aliingoja bila kulalamika. Ile ndogo ya ghuba, iliyopitia Kendu Bay na Homa Bay, tuliiita Mkohozi. Mvuke wake ulikuwa unakohoa, koh, koh, koh, kama mzee aliyeamkia moshi wa jikoni. Zilishusha ndizi, pamba, ngozi, samaki wakavu, masista wenye masanduku, wanafunzi wenye magodoro, majogoo wamefungwa miguu. Zikapakia mabati na sukari na watu wengine. Treni ilikuwa inangoja pale pale karibu na maji, nayo inatoa moshi wake. Moshi wa meli na moshi wa treni ukikutana huko juu, huwezi kusema upi ni wa nani. Siku nyingine hapa Pioneer, alfajiri, lori la kwenda Cheptiret hupiga honi kule barabara kuu, nami naamka nikitafuta chaki yangu.

Ndiyo, chaki. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa ubao. Pale getini palikuwa na ubao mweusi, mrefu kama mlango uliolazwa, wenye safu tatu. Ya kwanza, Inangojwa. Ya pili, Imefika. Ya tatu, Imeondoka. Kutoka getini huwezi kuona gati, kwa sababu ghala refu la mabati lilikuwa limesimama katikati. Kwa hiyo mji mzima ulisoma ubao wangu. Kama nimeandika Imefika, wapagazi na wenye mikokoteni wanakimbia. Kama nimeandika Imeondoka, askari anafunga geti la abiria, basi, mambo yamekwisha. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Watu walisema ubao haudanganyi, nami nikavimba kichwa, nikatembea pale bandarini kama mimi ndiye mwenye ziwa.

Ilikuwepo desturi moja, na desturi hiyo ilimhusu Mzee Okumu. Huyu alikuwa mfungua kamba, mfupi, mikono mipana, ngumu kama ngozi ya kiatu. Meli ikitaka kuondoka, wanatoa ngazi, honi inapigwa mara tatu, halafu Mzee Okumu anafungua kamba moja moja kutoka kwenye nguzo za chuma. Ile ya mwisho anaitupa majini. Ikishaanguka, chubwi, ananigeukia mimi niliyesimama mwisho wa ghala, anainua mkono. Hapo ndipo naruhusiwa kutembea mpaka ubaoni na kuandika. Si kwa saa, si kwa ratiba. Kwa kamba.

Mimi nikaona ni ushamba. Ratiba naijua kichwani, mbona nisimame juani kungoja mzee arushe kamba? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kijana akiwa na miguu mizuri anafikiri methali ni za watu wengine.

Sasa, hiyo Jumamosi tulikuwa na mechi. Bandari na Reli, uwanja umejaa, na mimi nilikuwa winga wa kushoto. Usicheke! Nilikuwa na mbio wewe. Mechi ilikuwa saa kumi na robo. Mkohozi alitakiwa kuondoka saa kumi kamili. Saa kumi ikafika, meli bado iko gatini, mafundi wanagongagonga chini, mvuke haujapanda vizuri. Nikauliza, wakaniambia dakika kumi tu. Nikaangalia njia ya uwanjani, nikasikia filimbi za mashabiki. Nikajiambia, kwani kuna tofauti gani? Itaondoka tu. Nikaenda ubaoni, nikamfuta Mkohozi kwenye safu ya pili, nikamwandika kwenye ya tatu. Imeondoka, saa kumi. Mwandiko mzuri sana. Nikapangusa vumbi la chaki kwenye suruali, nikakimbia.

Dakika kumi zile zikawa karibu saa nzima.

Na ndani ya saa hiyo mwanamke mmoja akafika getini. Aliitwa Dorsila, Mama Dorsila kwa heshima. Nimejua jina lake baadaye. Alikuwa ametoka huku huku kwetu, Uasin Gishu, kwenye shamba la ngano ambako mumewe alifanya kazi, ameletewa habari kwamba mama yake mzazi ni mgonjwa sana kule upande wa Kendu, na anamwita kwa jina. Amesafiri tangu alfajiri. Kwa gari asingeweza kufika, mvua ilikuwa imekata barabara. Ilibaki meli. Akafika na kikapu kichwani, amevaa kiatu kimoja, kingine kimekatika anakishika mkononi. Akamuuliza askari. Askari alikuwa ameingia zamu wakati ule ule, akageuza shingo, akasoma. "Imeondoka, mama. Pole. Ingine ni Jumatatu."

Mama Dorsila akakaa chini nje ya geti. Akaweka kikapu miguuni. Hakulia, askari alisema. Alikaa tu akiangalia lile ghala la mabati, na nyuma ya ghala, hatua mia mbili kutoka pale alipokaa, Mkohozi alikuwa amefungwa kwa kamba nne na ngazi iko chini.

Amekaa hivyo karibu nusu saa, mwanangu. Halafu honi ikalia. Mara tatu.

Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hahitaji kuelezwa honi ile. Aliruka. Akaacha kikapu, akaacha viatu, akashika vyuma vya geti akipiga kelele mpaka askari akafungua, na akakimbia kando ya ghala lote lile miguu mitupu kwenye mawe. Alipotokea upande wa pili, ngazi imeshatolewa, Mkohozi ameshaachana na gati, na maji yaliyokuwa katikati yalikuwa mapana kama barabara tu. Mzee Okumu alikuwa bado amesimama pale. Aliniambia kamba ya mwisho ilikuwa ndiyo kwanza imeanguka.

Sisi tulishinda mechi. Mabao mawili, moja langu. Nikabebwa mabegani.

Jumatatu asubuhi nilipofika kazini Mzee Okumu hakunisalimu. Alinishika mkono, si kwa nguvu, akanipeleka mpaka kwenye nguzo ya chuma ambayo kamba ya Mkohozi ilikuwa imefungwa. Akaweka kiganja changu juu ya kamba. "Sikia," akasema. Nikamuuliza nisikie nini. "Nyamaza usikie."

Basi nikasikia. Sijui nikwambieje. Ile kamba ilikuwa hai. Meli ikiinuka kidogo na maji, kamba inakaza, inalia ndani kwa ndani. Ikishuka, inalegea. Inavuta, inaachia, inavuta. Meli nzima, na chuma chake chote na moto wake tumboni, ilikuwa inapumua mkononi mwangu. Nikasahau kama nimeudhika.

"Hii imeondoka?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee."

"Lakini inataka kuondoka. Moshi uko juu. Ngazi imetolewa. Hata nahodha ameshaangalia kule mbele. Imeondoka?"

"Hapana."

"Basi Jumamosi uliona nini ambacho mimi niliyeshika kamba sikukiona?"

Ndipo akanieleza habari za Mama Dorsila, yote, polepole, bila kuinua sauti, mkono wake juu ya mkono wangu juu ya kamba. Heri angenipiga makofi. Akamaliza hivi: "Kijana, kuandika Imeondoka si habari tu. Ni kufunga geti. Wewe ulifunga geti, meli bado ina kamba nne."

Ijumaa ile Mama Dorsila alirudi na Mkohozi. Nilimtambua kabla sijaonyeshwa, kwa sababu alikuwa amenyolewa kichwa. Mama yake alikata roho Jumapili jioni, yeye akafika Jumatatu akakuta watu wamejaa uani. Mzee Okumu akanisukuma mgongoni, akasema, "Nenda." Miguu yangu ya mbio, siku hiyo ilikataa. Nilisimama mbele yake nikamwambia ni mimi niliyeandika. Akatua kikapu chini.

"Kumbe ni kijana hivi," akasema. "Mimi nilidhani ni mzee asiyeona vizuri."

Halafu akaniambia walichomwambia kule nyumbani. Kwamba mama yake Jumamosi yote na Jumapili yote alilala ameangalia mlango, na kila kivuli kikipita anauliza, ni Dorsila? "Nimekusamehe," akasema, "kwa sababu mimi nina watoto na siku moja nao watakosa. Lakini usirudie kuandika jambo ambalo hujaliona." Akachukua kikapu chake akaenda kwenye treni. Nililia pale mbele ya makuli, na sikuona haya.

Kutoka siku hiyo mpaka meli za mvuke zilipozeeka zikafungwa kando kando, zikaota kutu, na mimi nikapanda huku Eldoret kutafuta kazi kiwandani, sikuandika tena Imeondoka bila kuiona kamba majini. Walinicheka. Nilingoja kwenye jua, nikangoja kwenye mvua, vidole vimeganda na chaki imelowa.

Sasa turudi kwa baba yako.

Hasira yako ni halali, Awuor. Sitakunyang'anya. Ouma alipoachishwa kazi aliondoka na aibu yake akakuacha na miaka tisa. Aliahidi kuja ulipomaliza shule, ukamwekea kiti, hakuja. Aliahidi tena siku ulipofuzu uuguzi, na nilikuona, mwanangu, nilikuona ukiangalia geti la chuo huku wenzako wanapigwa picha. Mimi mwenyewe nilimkasirikia mpaka nikaapa nisitaje jina lake. Lakini waliotutangulia walisema mtoto akikunyea mkono huukati, na mimi mkono wangu ninao bado.

Na kuna jambo nilikuficha. Ndiyo, mimi, ninayekuhubiria hapa. Huyo mtu hupiga simu kila Alhamisi. Miaka minne sasa. Hazungumzi mengi, ataniuliza mvua, ataniuliza magoti, halafu anauliza, "Awuor yuko aje?" Kila Alhamisi. Sikukwambia, nikasema moyoni, huyu hatabadilika, kwa nini nimsumbue mtoto? Unaona? Nilirudia kosa lile lile, nimezeeka nalo. Nilikufungia geti, na nyuma ya ghala mtu alikuwa bado amefungwa na kamba. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu ndiye huyu amekaa mbele yangu anafuta macho na kona ya leso. Nisamehe.

Alhamisi hii nilimwambia unaposwa. Akaniuliza kama itakuwa vibaya akija, hata akisimama nje tu. Nikamwambia nitaulizia.

Basi nakuuliza. Jumamosi wageni wetu wanarudi, safari hii na wazee wao, na watamtaja baba yako kwenye maombi kama watu wanavyomtaja marehemu. Wataomba Mungu amlaze mahali pema mtu ambaye anaweza kuwa anashuka kwenye gari pale stendi wakati huo huo. Hilo mimi siwezi kuitikia amina.

Nasaha yangu ni hii, na ukinizika usisahau. Usimhesabu mtu kuwa ameenda ilhali kamba yake ungali unaisikia mkononi. Usikisie mwisho wa mtu kwa sababu umechoka kungoja, wala kwa sababu kuna mechi mahali. Meli huondoka, sikatai, nimeziona nyingi zikiondoka na hazikurudi, na siku hiyo ikifika utalia na utaandika na hakuna atakayekulaumu. Lakini andika ulichokiona. Na mtu akikosea ubaoni, chaki hufutika. Leo hii unaweza kumpigia mamake Kiprono ukamwambia, "Mama, jana nilisema vibaya." Yule ni mwalimu, ameshafuta mbao nyingi kuliko mimi.

Usimwandike kwenye safu ya pili, Imefika, hujamwona. Atakuja, hatakuja, mimi sijui. Huenda akanitia aibu tena nikakaa pale getini na koti langu zuri bure. Nitakaa hata hivyo. Nitaweka viti viwili. Na wakikuuliza tena baba yako yuko wapi, ile safu ya kwanza ndiyo ya kweli, ile ambayo nilikuwa naidharau kwa sababu haina ushindi ndani yake. Waambie, "Tunamngoja."

Inama sasa nikushike kichwa. Mungu wa babu zangu waliovuka maji akupe nyumba isiyofungwa mapema. Akupe watu wa kukungoja siku utakayochelewa, maana nawe utachelewa. Asubuhi zako zikiwa na ukungu, akupe sikio la kusikia honi. Na mkono wako usichoke kushika.

Haya, lete hiyo simu. Namba ya baba yako naijua kwa kichwa.